Karipio la Mwisho Kabla ya Kiti

Mwalimu Byarugaba hakuwahi kuutamani ufalme wa Irambya, na jambo hilo alilihesabu miongoni mwa fahari zake. Mtoto wa kwanza wa mfalme hairithi ngoma. Ndivyo ilivyokuwa enzi za mababu, na ndivyo ilivyoendelea kuwa hata baada ya serikali kuwavua wafalme madaraka na kuwaachia majumba yao, migomba yao, na ngoma zao ambazo hazikuita tena askari wala kodi. Mtoto wa kwanza ana kazi nyingine. Yeye ndiye humshika mkono ndugu yake mdogo aliyeteuliwa na ukoo, akamfikisha mbele ya kiti, na kabla ya kumkalisha, akamkaripia mbele ya watu wote.

Karipio hilo si mchezo. Mrithi akishaketi, hakuna kinywa kinachoruhusiwa kumkosoa tena mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo kila alilokosa tangu utotoni hutajwa siku hiyo, waziwazi, na kila kosa hulipwa palepale kwa punje ya kahawa ya kutafuna, ambayo mrithi huitoa kwa mikono miwili na kaka yake huitia kinywani. Mwisho wa yote, mlinzi wa mila huuliza mara moja tu: "Limebaki neno tumboni?" Kaka akijibu kwamba hakuna, mrithi huketi. Akijibu kwamba lipo na halilipiki, mrithi hurudi alikotoka, na ngoma humtafuta mwingine. Na kaka anayeficha neno huwa ameweka kaa la moto chini ya kiti. Liwake leo au liwake kesho, litawaka.

Wazee wa ukoo walipomteua Kaijage, kitinda mimba wa marehemu mfalme baba yao, Byarugaba aliinamisha kichwa kukubali. Aliona wameteua vyema. Kaijage alikuwa mtu wa watu: alijua majina ya watoto wa kila nyumba, alizika maskini kwa heshima ileile aliyowazikia matajiri, na hata ugomvi wa mipaka ya mashamba ulilegea akifika na vichekesho vyake. Byarugaba alirudi kwake ameridhika, akavua viatu, akaketi barazani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba anayekalia kile kiti hula peke yake.

Hakuna aliyewahi kumwona mfalme wa Irambya akila. Baba yao, tangu siku ile alipoketi, alikula nyuma ya mlango uliofungwa; na serikali ilipomwondolea kila kitu kingine, hilo alibaki nalo. Mama zao walimpikia miaka yote wasijue kama anatafuna kwa jino la kulia au la kushoto.

Byarugaba alijihisi kama mtu aliyetia saini kabla ya kusoma.

Mkewe, Kokusima, alipofariki, mwalimu huyu mstaafu aliishi kwa mayai ya kuchemsha na mkate, akiamini kwamba nidhamu yaweza kushika nafasi ya mboga. Alikuwa amekulia bwenini, katika shule ambayo kengele ilitawala hata kikohozi, akawa mwalimu mkuu katika shule ya namna hiyohiyo, na hakuona sababu ya tumbo kudekezwa. Ndipo jioni moja Kaijage, mwenye mgahawa pale stendi, alipofika na pikipiki yake, sufuria imefungwa nyuma kwa mipira. Hakubisha hodi. Alitandaza jani la mgomba mezani, juu ya magazeti ya kaka yake, akamimina ndizi na samaki, akasema, "Kula, mjane."

"Mimi ni mgane. Mjane ni mwanamke," alimsahihisha Byarugaba.

"Haya mgane, kula, ndizi hazijui tofauti."

Tangu jioni ile hawakuacha. Walikula kwenye jani moja, mmoja akimega upande wake na mwingine akivuka mpaka, huku wakibishana kuhusu bei ya kahawa, mahubiri ya padri, na kama timu ya mkoa ilistahili penalti. Byarugaba alimkaripia ndugu yake kila jioni: anatafuna huku akisema, amevaa kandambili, amekopesha tena watu wasiolipa. Kaijage alisikiliza yote akiwa amejaza mdomo. Wala hakuna jirani aliyeudhika kuzisikia kelele hizo. Waliijua ndiyo saa ambayo nyumba ya mwalimu ilikuwa hai.

Jioni ya kuamkia sherehe, Kaijage alikuja mapema, jua likiwa bado juu ya migomba. Alimimina chakula lakini hakumega.

"Kaka, nina ombi. Usinikatize mpaka nimalize."

"Ukianza na 'usinikatize', najua ni upuuzi."

"Kesho nichafue. Nipake masizi mpaka wazee wazibe masikio. Sema mimi ni mlevi."

"Huwezi ulevi. Ukinywa bilauri mbili za rubisi unalala kwenye kiti."

"Basi sema mwizi."

"Umeiba nini?"

"Mananasi ya padri."

"Nilishakuchapa kwa hayo. Mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja."

Kaijage alicheka, kisha cheko likamkauka. "Kaka, nazungumza kweli. Nikikikalia kile kiti, nani atakuletea chakula?"

"Nimekaa bwenini ujana wangu wote, nikala maharage yenye wadudu na kushukuru kwa sauti. Sitakufa."

"Kufa hutakufa. Utakonda kwa kiburi, halafu utawaambia watu ni mazoezi."

Byarugaba alinyoosha kola yake. "Na ukikataliwa wewe, ngoma inakwenda kwa nani?"

Wote wawili walijua. Ilikuwa inakwenda kwa Ndyetabula, mtoto wa baba yao mdogo, mwenye hoteli mjini Bukoba. Ndyetabula alikwisha kusema hadharani kwamba ngoma imekaa gizani muda wa kutosha. Angeiweka mapokezi, itiwe taa, wageni wapige picha wakiwa wameikalia.

"Wameikalia," Byarugaba alirudia, kana kwamba ni tusi lililoandikwa ubaoni. "Ngoma ambayo baba yetu hakuipa mgongo hata siku moja."

"Naelewa."

"Basi kula."

"Wewe huna hata neno moja la kweli dhidi yangu? Moja tu zito, lisilolipika? Uongo sikuombi, nakujua."

 Byarugaba alimega kipande cha ndizi, akakitazama, akakirudisha kwenye jani. Neno alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba tangu siku ya uteuzi, na kadiri alivyolipima ndivyo lilivyozidi uzito. Kulisema kungeweza kumrudishia ndugu yake mezani na kuipeleka ngoma mapokezi ya hoteli. Kulinyamazia kungekuwa uongo mbele ya kiti. Katika maisha yake yote alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba mtu mkweli hapati tabu ya kuchagua, maana njia huwa moja. Sasa alitamani kuwaita wote warudi darasani awaombe radhi.

Asubuhi ya sherehe uwanja wa jumba la marehemu ulitandikwa nyasi mbichi mpaka langoni. Watu walijaa: wazee wa ukoo wenye fimbo zao, akina mama waliofika tangu alfajiri kumenya ndizi, na vijana waliopanda juu ya ukuta wa zizi. Ngoma ililala mlangoni pa nyumba yake, imefunikwa. Kiti, kifupi na cheusi kwa samli ya miaka, kilikuwa katikati ya uwanja. Kando yake alikaa Shangazi Nyamwiza, dada wa marehemu na mlinzi wa mila, mwanamke mkavu kama kuni, ambaye wanaume wenye mvi walimwamkia wakiwa wameinama na bado aliwaona wamesimama wima mno.

Byarugaba alitoka amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Alimshika Kaijage mkono, akamfikisha mbele ya kiti.

"Anza," alisema Shangazi. "Na usitufanye wanafunzi. Wengine tuna magoti."

Alianza kama alivyokuwa akisoma matokeo ya mtihani, sauti imenyooka, mikono nyuma.

"Kaijage, mwana wa baba yangu. Nilikupeleka shule ya bweni, nikakulipia, ukaruka ua muhula wa kwanza ukaenda ziwani kuvua."

"Kweli, Kaka." Kaijage akatoa punje ya kahawa.

"Ulirudi na samaki mmoja, ukamhonga mlinzi."

"Alikuwa mdogo, Kaka."

"Mlinzi?"

"Samaki."

Watu wakaangua kicheko. Byarugaba hakucheka, alisubiri kimya kirudi, akaendelea.

"Siku ya harusi yangu ulipewa kazi ya kushika pete. Ukaivaa wewe. Ikakwama kidoleni, bibi harusi amesimama altareni, padri akaomba sabuni."

"Kokusima alinisamehe," alisema Kaijage.

"Kokusima alikuwa mwema kuliko mimi. Lete punje."

"Mtafunie taratibu, Mwalimu, ana mengi huyo!" mama mmoja alipaza sauti.

Aliendelea. Alitaja mbuzi aliyeuzwa bila ruhusa, wimbo wa dansi uliopigwa kinanda cha kanisani siku ya Pasaka, mazishi ya diwani aliyoyahudhuria na kandambili. Alitaja ahadi zilizochelewa na hasira zilizowahi. Kila kosa lilikuwa na tarehe yake na mashahidi wake, na kila punje aliyoitafuna ilizidi kuwa chungu. Lakini wazee waliokuwa karibu waliona jambo lisilo la kawaida: kadiri makosa yalivyoongezeka, ndivyo sauti ya mkaripiaji ilivyopungua ukali. Mtu asiyependa hakumbuki kiasi kile.

Hatimaye akanyamaza. Mdomo wake ulikuwa mweusi kwa kahawa.

Shangazi Nyamwiza alijiinua kidogo. "Byarugaba, mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Limebaki neno tumboni?"

Wapiga ngoma walikwisha kushika mikwaju. Jibu lilijulikana, swali huulizwa kwa heshima tu. Kaijage mwenyewe alikuwa amefumba macho.

"Limebaki," alisema Byarugaba.

Uwanja ukavuta pumzi kwa pamoja. Ndyetabula, aliyekuwa amesimama nyuma na suti yake ya kijivu, alisogea mbele kwa adabu, kama mtu apishaye wengine.

"Linalipika?" Shangazi aliuliza.

"Sijui."

"Hujui? Mwalimu mzima?"

"Sijui, Shangazi. Ningejua ningesema."

"Litaje basi, tulione lina pembe au lina mkia."

Byarugaba alimgeukia ndugu yake. Alijaribu kuirudisha ile sauti ya matokeo ya mtihani, lakini haikuja.

"Mke wangu alipokufa, mimi nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na mayai yangu na mkate wangu na redio yangu. Nilikuwa nimezoea, Kaijage. Nyumba ilikuwa kimya na kimya kile nilikuwa nimekipatia mahali pake. Wewe ukaja bila hodi na sufuria, ukachafua magazeti yangu, ukakila na kile kimya changu. Umenizoeza kula na mtu. Sasa unakwenda kukaa mahali ambapo hutakula na mtu tena, na mimi ndiye niliyekushika mkono nikuache hapo. Hilo ni kosa lako, nami nimelikasirikia, wala sioni punje ya kahawa inayolitosha. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Akina mama waliacha kumenya. Kaijage alisimama na punje mkononi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, asijue aitoe au aitupe.

"Naomba kusema," Ndyetabula akakohoa. "Mila iko wazi. Neno lisilolipika..."

"Wewe nimekuuliza?" Shangazi hakumtazama hata kumtazama. "Subiri kwanza nife, ndipo ulinde mila."

Wazee wakainamiana, wakanong'onezana. Mmoja alisema kosa si la mrithi bali la kiti. Mwingine akasema kiti hakikaripiwi. Wa tatu alipendekeza ng'ombe, akaulizwa kama ng'ombe anajua kubishana kuhusu penalti. Jua lilipanda. Byarugaba alisimama wima, koti likimchoma mgongo; alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa inauyumbisha ufalme mzima mbele ya macho yake. Hakutubu, lakini aliogopa.

Shangazi Nyamwiza akagonga fimbo yake.

"Nilimpelekea kaka yangu chakula tangu alipoketi mpaka alipokufa," alisema. "Nilikiweka, nikatoka, nikafunga mlango. Mnajua alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiniita kutoka ndani. 'Nyamwiza, upo?' Nasema nipo, Waitu, bwana wetu. 'Ng'ombe wamerudi?' Wamerudi, Waitu. Kila siku. Nasimama nje mpaka amalize, ananiuliza habari za ng'ombe. Sasa niambieni ninyi wazee wenye fimbo: mila imekataza nini? Imekataza mfalme kula na mtu, au imekataza jicho la mtu kumwona akila?"

"Jicho," alisema mzee mmoja, akijikuna.

"Jicho. Baba yangu alinikabidhi hivyo, na yeye alikabidhiwa hivyo. Itundikwe nguo ya gome la mti kati yao. Huyu upande huu, huyu upande ule. Sufuria moja."

"Na masikio?" aliuliza Ndyetabula, kwa sauti ya mtu anayezama.

"Masikio hayana meno. Kaijage, hilo ndilo malipo. Unalipa?"

"Nalipa!" Kaijage alipaza sauti mpaka vijana wa ukutani wakashtuka. "Nalipa kila jioni mpaka nife!"

"Byarugaba, unapokea?"

 Maisha yake yote mwalimu alikuwa adui wa njia za mkato, na alijua jinsi mtu anavyoweza kuikunja kanuni kwa kuwa moyo wake unataka. Aliigeuza hukumu ile upande huu na upande ule kama karatasi ya mtihani iliyojibiwa vizuri mno, akitafuta mahali mwanafunzi alipoibia. Hakupaona. Sheria ilikuwa jicho, na jicho lingezibwa.

"Napokea," alisema.

"Basi mkalishe, kabla hamjaniua kwa jua."

Alimshika ndugu yake mabega, akamkalisha. Ngoma ikafunuliwa, ikalia mara ya kwanza tangu mazishi, na sauti yake ilipita miguuni mwa watu kabla ya kufika masikioni. Wa kwanza kupiga magoti ni mtoto wa kwanza, ndivyo inavyotakiwa. Byarugaba alishuka kwenye nyasi goti moja baada ya jingine, mifupa ikilalamika, akatazama chini.

"Kaboneka, Waitu!" alisalimu, salamu ya wafalme.

Kutoka juu yake alisikia Kaijage akivuta makamasi kama mtoto. Mdomo wa mwalimu ulifunguka wenyewe kumwambia atumie leso. Akaufumba.

Kesho yake jioni nguo ya gome ilikuwa imetundikwa katika chumba cha nyuma cha jumba, kutoka ukuta hadi ukuta. Kulikuwa na mjadala mfupi kama mfalme anaweza kuingia jikoni. Ilionekana hakuna mila inayokataza, kwa kuwa hakuna mfalme aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Byarugaba alinawa mikono mpaka vifundoni, akaketi kwenye mkeka upande wake. Jani la mgomba lilipita chini ya nguo, nusu huku, nusu kule, na juu yake ndizi zikitoa mvuke.

"Karibu, Kaka," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Asante, Waitu."

Alimega tonge la kwanza, akalitia kinywani. Kwa kitambo hakuelewa yaliyompata. Ulimi uliwaka, kisha koo, kisha masikio. Macho yalijaa maji. Ndizi zilikuwa zimepikwa kwa pilipili ambazo zingetosha harusi ya ukoo mzima. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angepika hivyo kwa bahati mbaya. Maneno yalimpanda mwalimu kifuani, yamejipanga, kila moja na nukta yake: juu ya uzembe, juu ya heshima ya chakula, juu ya watu wazima wanaofanya mizaha ya watoto. Yalifika kwenye meno, yakakuta lango limefungwa. Anayekalia kiti hakosolewi.

"Vipi, Kaka?" iliuliza sauti ile, kwa upole mkubwa. "Pilipili imekaaje?"

Byarugaba alivuta pumzi kupitia puani.

"Imekaa inavyostahili, Waitu."

 Kisha nguo ya gome ikaanza kutikisika, kwanza pindo la chini, halafu yote, kama inayopigwa na upepo ndani ya chumba kisicho na dirisha. Na kwikwi ya kicheko kilichozuiwa kwa mikono miwili ikavunjika, ikamwagika. Mwalimu Byarugaba alisubiri ipite. Haikupita. Akakuta mabega yake mwenyewe yanatikisika, wala hakujua ni kwa pilipili au kwa nini.

"Ongeza basi," alisema mfalme, na mkono wake ukasukuma ndizi nyingine chini ya nguo, zikavuka mpaka.

Mwalimu alifuta machozi kwa leso, akaikunja, akamega.